M ya Pili

Jumapili, Machi 3

Mchungaji ametuagiza akina mama wa maombi tuandike. Kila mmoja atafute daftari, na kila jambo ambalo Mungu atalitenda msimu huu wa mvua alitie humo, ili mvua zikikatika tukutane, tusomeane, tushangae pamoja. Shule mimi niliishia darasa la saba, na mwandiko wangu ni kama wa kuku aliyekanyaga wino, lakini nimetii.

Basi mwenzangu daftari, sogea nikunong'oneze la kwanza: keshokutwa mdogo wangu anatoka gerezani.

Aliingia huko akiwa kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijakubaliana kuota. Alimuua mtu kwa kisu katika ugomvi wa baa. Akahukumiwa kunyongwa, hukumu ikaja kugeuzwa kifungo cha maisha, na sasa bodi ya magereza imemwachia kwa masharti: alale kwangu, afanye kazi kwangu, aripoti kwa ofisa kila wiki, asionekane kwenye pombe wala ugomvi. Mama yetu alifariki akimngoja. Baba alitangulia zamani. Nimebaki mimi dada yake, mjane, dobi. Mtu aliyekwisha kupimwa shingo anarudi kula kwenye sahani yangu. Kama huo si muujiza, basi sijui muujiza una pembe ngapi.

Jumanne, Machi 5

Amekuja. Mfuko mmoja wa plastiki, viatu vya kuazima, mvi. Alifika mlangoni akasimama. Nikasema karibu. Akatabasamu, hakuingia. Nikasema karibu ndani jamani, hapa ni kwako. Wapi! Nikadhani ana haya. Mwishowe nikasema kwa kuchoka tu, "Pita, basi!" na miguu yake ikanyanyuka papo hapo.

Ikawa hivyo hivyo mlango wa chumbani, mlango wa jikoni, mlango wa choo.

"Samahani, dada," akaniambia. "Kule hupiti mlango mpaka uambiwe. Mimi nimeachiwa, miguu bado."

Nilikwenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Alhamisi, Machi 7

Mvua ya kwanza. Mashuka hayakukauka.

Jumatatu, Machi 11

Nikueleze kazi yetu, maana utaisikia sana. Nyuma ya nyumba kuna ua, na uani kuna banda la mabati lenye mapipa ya kuchemshia na kamba za kuanikia. Kutoka uani kwenda bandani unapitia chumba cha pasi. Tunafua mashuka ya hoteli na ya nyumba za wageni. Msaidizi wangu ni Mama Wanga. Jina hilo ni la wanga tunaotia kwenye kola, ingawa wateja wakorofi huwaambia wachague wenyewe kama ni wanga wa kola au wanga wa usiku.

Mdogo wangu tumempa pipa. Anakoroga kwa ule mti mrefu mzito tunaouita mwiko, hachoki, hasemi. Na kukunja je! Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: kila mmoja ashike ncha zake, mvutane linyooke, kisha mkutane katikati, mmoja amkabidhi mwenzake. Leo tumekunja pamoja mpaka mchana. Kila tukikutana vidole vyake vinagusa vyangu, navyo vimelainika kwa maji ya sabuni kama vya mtoto mchanga. Nikawa nawaza: ndivyo hivi. Hivi ndivyo vilivyoshika kisu. Mungu wangu, unavificha wapi vitu ndani ya mtu?

Ijumaa, Machi 15

Dereva wa hoteli amekuja kuchukua mzigo, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Redio akiingia uani hata mvua hupunguza sauti imsikilize. Mama Wanga humwita mchumba. Mimi huniita bosi.

"Bosi, haya ya leo yashike kwa adabu," akasema. "Wamelalia wachungaji waliokuja semina. Hayahitaji kufuliwa, yanahitaji kupelekwa madhabahuni."

"Wewe utachomwa moto," nikamwambia.

"Nikichomwa nitakuwa jirani na dobi, maji ya moto anayo."

Tulicheka mpaka Mama Wanga akakaa chini. Kisha Redio akamwona mdogo wangu amesimama kwenye mlango wa chumba cha pasi, anangoja.

"Huyu vipi? Amekwama?"

Mama Wanga, ambaye mdomo wake hauna komeo, akamweleza. Macho ya Redio yakang'aa. Akasimama wima kama askari, akapiga saluti: "Mfungwa! Pitaaa!"

Mdogo wangu akapita. Tukacheka tena. Naye alitabasamu, nilimwona.

Jumapili, Machi 17

Andika hili kwa herufi kubwa moyoni mwako. Ibadani kwaya ilipoanza, kutoka benchi la nyuma ikainuka sauti nzito ambayo kanisa letu halijawahi kuisikia. Ilikuwa kana kwamba sakafu ndiyo inayoimba. Watu wakageuka. Ni yeye. Kumbe gerezani alikuwa mwanakwaya. Mchungaji alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema, "Ndugu zangu, mmesikia," na hakuongeza neno. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili.

Jumatano, Machi 20

Mvua. Mashuka hayakukauka. Redio alikuja. "Mfungwa, pitaaa!"

Ijumaa, Machi 22

Mvua. Redio vilevile. Sasa hata wateja wa dukani jirani wameushika wimbo.

Jumanne, Machi 26

Leo nilikwenda kumwona mgonjwa, nikarudi mchana nikakuta uani watu wanacheka, mikono imefunika midomo. Mdogo wangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba cha pasi, mvua inamnyeshea kichwani, shati limemganda mgongoni, mikononi ana furushi la mashuka yaliyokuwa makavu, yanangoja pasi. Yameloa yote. Redio alikuwa upande wa ndani, pakavu, kidole mdomoni, akiwazuia wenzake wasiseme lile neno. Amesimama muda gani, hakuna aliyeniambia. Mama Wanga alikuwa akiangalia chini.

"Pita, mdogo wangu," nikasema. Akapita.

Redio nilimsema, nikamsema tena. Akanishika bega: "Bosi, ni utani tu. Mwenyewe hata hajakasirika, muulize."

Nilimuuliza baadaye, tukila. "Umekasirika?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Mashuka yameloa," akasema. "Itabidi nirudie yote."

Jumamosi, Machi 30

Nimeshindwa kulishika daftari hili. Leo nitaandika yote, maana nikiyaacha kichwani yatanipasua.

Jumatano ilikuwa mvua ile inayopiga mabati kama watu wanamwaga kokoto. Mama Wanga alikuwa ametoka kununua sabuni. Mimi nilikuwa chumba cha pasi, kwenye kola ya shati, na kola haikuruhusu kuinua macho. Nikahisi mtu amesimama mlangoni. Nikasema, "Pita." Akapita nyuma yangu kuelekea bandani, ananuka sabuni na moshi. Nikamuuliza bila kugeuka, "Mashuka ya hoteli vipi? Redio yuko njiani."

Akajibu, "Leo nitammaliza."

Nimeandika kama nilivyosikia. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayekuambia kesho ni Alhamisi. Mkono wangu ulisimama kidogo juu ya pasi, kisha nikajiambia ni mvua hii, amesema nitamaliza, mashuka hayo. Nikageuza shati upande wa pili.

Honi ya gari. Sauti ya Redio ikaingia bandani kwa mlango wa barabarani ikiwa imekwisha kuanza hadithi, kitu fulani kuhusu mgeni aliyeondoka na mto wa hoteli, akishikwa anaapa ni wa kwake tangu utotoni. Nilikuwa najiandaa kucheka. Mwenzangu, kilichonishtua si kelele. Ni kwamba Redio alinyamaza katikati ya neno.

Nikaenda. Redio alikuwa amelala kando ya pipa, maji ya mvua yanampitia chini, yanaingia upande huu na kutokea upande wa pili yana rangi nyingine. Mdogo wangu alikuwa ameshika mwiko. Aliuegemeza ukutani mahali pake pa siku zote, taratibu, usianguke. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dada," akasema, "ita polisi. Mimi siondoki hapa."

Na hakuondoka. Hata wangekuja mwakani wangemkuta.

Watu wananiuliza mbona sikupiga kelele. Nilisimama kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu. Pipa lilikuwa linatokota. Povu lilikuwa linapanda na kushuka kama kawaida yake. Mtu alikuwepo, na mtu hayupo, na kati ya hayo mawili hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi. Nimemwomba Mungu anieleze kwa nini alitaka niione nafasi ile. Hajanijibu bado.

Kituoni koplo aliandika maelezo yangu kwa kidole kimoja. Akanisomea haraka haraka. Nikasaini nikilia.

Jumanne, Aprili 2

Redio amezikwa. Sikuthubutu kwenda. Nimekaa chumba cha pasi bila kuwasha pasi. Uani kimya. Sasa mvua inasikika yote.

Jumatatu, Aprili 8

Hoteli wamepeleka mashuka kwa dobi mwingine. Nani atawalaumu.

Alhamisi, Aprili 18

Amekuja wakili aliyepewa mdogo wangu na serikali, binti mwembamba mwenye adabu. Ananiita mama. Amekunywa chai yangu, kisha akafungua mkoba.

"Mama, kesi hii wataikimbiza. Aliyeachiwa kwa masharti akaua tena, kila mtu anataka kuona mwisho wake. Kuua kwa kukusudia ni kamba. Bila kukusudia ni kifungo. Na tofauti iko hapa." Akaweka kidole kwenye maelezo yangu ya polisi. "'Leo nitamaliza.' Ulimuuliza habari za mashuka, akakujibu habari za mashuka. Marehemu akaja, akamtania kama kawaida, hasira ikampanda. Hakupanga kitu. Unaona?"

Nilisoma. Koplo alikuwa ameandika m moja.

"Ingekuwa 'nitammaliza'," akaendelea, "hapo ningefunga mkoba nikaondoka. M ya pili hiyo ndiyo kitanzi chenyewe. Lakini ndivyo alivyosema, sivyo, mama? Nitamaliza?"

"Si maelezo unayo hapo, mwanangu," nikamjibu.

Akaniangalia kidogo. Akamalizia chai, akaaga.

Kosa la kidole cha koplo! Nimezunguka ua mzima nikijishika kichwa. Je, ni koplo aliyekosea, au ni Mungu aliyemshika koplo kidole? Mwaka gani tena nitaona uhai wa mtu umewekwa juu ya herufi ambayo hata haina sauti yake, ni midomo tu kufungwa?

Alhamisi, Aprili 25

Nimekwenda mahabusu kumwona. Kati yetu wavu. Amekonda lakini ametulia, na utulivu huo ndio ulionitisha.

"Ulisema nini siku ile ulipopita?" nikamnong'oneza.

"Wewe ulisikia nini?"

"Usinirudishie swali."

Akapitisha vidole kwenye wavu. Kisha akasema, "Kule ndani nilifundishwa hasira. Ukiiona inakuja, hesabu, omba, ondoka. Nilikuwa naijua kama ninavyojua sura yako. Siku ile niliingoja, dada. Haikuja. Niliushika ule mwiko nimetulia kama ninakunja shuka. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo."

"Wakili anataka niseme m moja."

"Najua."

"Sasa niambie nifanye nini."

"Mimi nimeua watu wawili," akasema. "Usinitafute mimi kwa ushauri."

Huyu ndiye aliyeifanya sakafu ya kanisa iimbe. Nilidhani nikimjua vizuri nitamwogopa kidogo. Imekuwa kinyume. Kadiri ninavyomsogelea, ndivyo ninavyoona kisima hakina chini.

Alhamisi, Mei 2

Mvua. Nimemfungulia moyo Mchungaji. Akasema kuna nyakati uhai ni mkubwa kuliko neno, na kwamba hatanihukumu. Nilimshukuru. Lakini nilitaka mtu wa kunihukumu.

Mama Wanga yeye hakuzunguka. "Sema moja! M ni nini bwana? Midomo kufunga. Midomo ikifunga mara moja au mara mbili, Mungu ataketi kuhesabu?"

"Na kama anahesabu?"

"Basi na atuhesabie na mashuka."

Nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu Redio afe, na nilipocheka nikamkumbuka, nikaacha.

Jumatatu, Mei 13

Kesho.

Jumanne, Mei 14

Nimerudi. Viatu sijavua, kalamu nimeshika, basi niandike.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa umejaa, makoti yamelowa, joto la watu. Mdogo wangu aliletwa, akasimama mbele ya kile kilango cha kizimba mpaka askari alipomwambia apite. Watu wa nyuma wakaguna. Mstari wa mbele alikaa mama mmoja mdogo wa umbo, amejitanda khanga nyeusi, mikono imelala mapajani. Nikaambiwa ndiye mama yake Redio. Nilikuwa nimetazamia mtu wa maneno. Kumbe ni mkimya kabisa. Nikafahamu kwamba Redio alikuwa anasema kwa niaba ya watu wawili.

Niliapa, mkono juu ya Biblia. Binti wakili akaniuliza kwa upole, kama anayemvusha mtoto barabara: "Mama, mshtakiwa alipopita nyuma yako, ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza mashuka ya hoteli vipi."

"Naye akakujibu nini?"

Neno la m moja lilikuwa mdomoni, limekwisha kutafunwa, tayari. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Nikaliangalia kwa mara ya mwisho kabla ya kulitoa, na hapo, mwenzangu, ndipo nilipoona. Nitamaliza. Ndani yake hamna mtu. Kuna kazi tu, kuna mashuka. Ile m ninayotaka kuitoa si midomo kufunga. Ile m ndiye yeye. Ile m ni Redio. Nikiitoa, basi Redio hayumo hata katika neno lililomuua, na yule mama wa mstari wa mbele atarudi nyumbani akiwa amezaa mtu ambaye hayumo.

Nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kushikwa nayo hata kanisani. Nani aliyeitengeneza lugha hii, akaweka mtu mzima ndani ya kitu kidogo hivyo?

Nikasema, "Alisema: leo nitammaliza."

Karani akaacha kuandika. Wakili alikaa chini kama aliyekatwa kamba. Jaji akavua miwani.

"Shahidi, maelezo yako polisi yanasema nitamaliza. Rudia polepole."

"Ni-ta-m-ma-li-za."

"Unaelewa maana ya unachokisema, mama?"

"Naelewa, Mheshimiwa."

"Na maelezo haya?"

"Aliyeandika alikosea. Nami nilisaini nikilia."

Sikuweza kumwangalia mdogo wangu. Niliiangalia mikono yake tu juu ya ukingo wa kizimba. Haikusogea.

Ijumaa, Mei 17

Anyongwe mpaka afe.

Jaji aliyasema hayo kwa sauti ndogo, na watu wote tukasimama kana kwamba kuna aliyeingia. Naapa kuna aliyeingia. Nilimhisi akipita kati ya mabenchi.

Jumamosi, Mei 18

Mama Wanga amekuja kuchukua aproni yake.

"Sikulaumu," akasema, "lakini siwezi kukunja shuka na wewe. Nikikuangalia namwona yeye. Dada wa tumbo moja! Hata nyoka hammezi wa tumbo lake."

"Kaa unywe chai."

"Chai yako itanikaba."

Tumefahamiana tangu sote tukiwa wasichana. Alipofika mlangoni akageuka, nikadhani atasema kitu. Akaufunga mlango pole pole tu, asinigongee.

Alhamisi, Mei 23

Mvua zimekatika. Jua kali, na mashuka ya kuanika hakuna.

Wakili amepita, ametumwa. Rufaa ataikata, lakini hanifichi, matumaini ni kidogo. Kisha akasema, "Anauliza mbona huji."

"Ameuliza hivyo? Kwa hasira?"

"Mama, yule ukimwuliza ana hasira atakuambia nini? Ameuliza tu mbona huji."

Sijakwenda. Kila nikivaa viatu nafika barabarani narudi. Mahakamani niliweza kwa sababu nilikuwa nimeangalia pembeni. Kule kwenye wavu hakuna pembeni.

Jumatatu, Mei 27

Asubuhi nilikuwa napangusa mapipa, nikasikia hodi. Mama yake Redio.

Sikujua nianguke magotini au nifunge mlango. Nikamwambia karibu mama, nikampa kiti, akakaa, akaangalia ua, akaangalia banda. Nilijua anatafuta mahali penyewe. Sikumwonyesha. Macho yake yalifika yenyewe, yakakaa.

Kisha akasema, "Nimekuja na shida, na sijui nani wa kumpelekea isipokuwa wewe."

"Niambie, mama."

"Siku ile ya mahakama nilijua unakuja kusema uongo. Ni mdogo wako. Nani angesema vingine? Nilisema, Mungu, yule mwanamke atadanganya mbele yangu, na nikimchukia nitaongeza maiti juu ya maiti. Basi nikaomba tangu nyumbani mpaka mlango wa mahakama. Nikakusamehe. Ilinitoa jasho, usidhani ni jambo la kusema tu, lakini nilikusamehe kabisa, nikaingia nimeutua mzigo." Akakunja ncha ya khanga, akaikunjua. "Halafu ukasema kweli."

Nikaketi chini, kitambaa cha kupangusia mkononi.

"Sasa ule msamaha," akasema, "ninao. Umenikaa hapa. Wewe huuhitaji tena. Nao si kitu cha kurudisha ulikokitoa. Nimekaa nao tangu siku ile nikiuliza, huu sasa ni wa nani?"

Tulikaa. Nilisikia matone ya mwisho ya maji yakitoka kwenye pipa nililolipangusa. Nilijua anakokwenda na niliogopa hata kupumua, kama vile mtu anavyoogopa ndege akitua karibu.

"Siku za kuonana ni zipi?" akauliza.

"Alhamisi, mama."

"Huwa unakwenda?"

"Sijaweza."

"Basi nipitie," akasema. "Peke yangu na mimi sitaweza."

Jumatano, Mei 29

Nimempigia pasi mdogo wangu shati, ingawa najua hawataruhusu.

Alhamisi, Mei 30

Waliohukumiwa kifo huonana na ndugu tu. Hilo sikulijua mpaka tulipofika dirishani. Askari aliandika jina langu, akaandika dada. Kisha akamwangalia mwenzangu.

"Na wewe, ni nani wake?"

Mama yake Redio akafungua mdomo, akaufunga. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana. Niliona mkono wake unatafuta ukingo wa dirisha.

"Nauliza, ni nani wake?"

"Mama," akasema.

Askari akapekua karatasi zake. "Hapa imeandikwa mama wa mfungwa ni marehemu." Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye dada. Huyu ni mama yenu?"

Nilimwangalia machoni, sikuangalia pembeni.

"Ndiyo, afande," nikasema. "Ni mama yetu."

Akatuangalia mmoja mmoja, akaguna, akaandika. Lango likafunguliwa.

Waliyoambiana wale wawili kwenye wavu sitayaandika, si yangu. Mimi niligeukia ukuta. Nitakachosema ni kwamba tulipokuwa tunatoka, nyuma yetu, kutoka huko ndani, niliisikia ile sauti nzito ikianza kuimba, na askari wa lango akasimama na funguo mkononi asifunge.

Sasa nimekaa jikoni tangu turudi. Nangoja dhamiri inichome kwa nilichosema dirishani, ile ile iliyonichoma kwa herufi moja. Nimeiita kwa jina. Nimeiuliza polepole, kama jaji. Haina neno.